Jina la Anaclet Linapoitwa

Jumapili baada ya misa, baa yangu ya mtaa wa Bandal haimfai mtu anayetaka kunywa kwa utulivu. Lufuluabo na Ekofo huvuta viti vyao vya plastiki hadi chini ya bati, na kabla chupa haijafunguliwa wameshaanza. Zembe au Likelemba? Nani alikuwa na magitaa na nani alikuwa na makelele tu? Ukipita karibu utaulizwa uko upande gani, na jibu lolote litakuponza. Mimi nimewaambia tangu zamani kwamba niko upande wa anayelipa.

Zamani zilikuwa bendi moja. Zilipogombana na kugawana wapigaji, Kinshasa nzima iligawanyika nazo, na hawa wawili, marafiki tangu shule, wakajikuta kila mmoja kwake. Lufuluabo, karani mstaafu wa forodha mwenye viatu vyeupe, ni wa Zembe kufa kupona. Ekofo, fundi wa mafriji, mpole, aliyefiwa na mke, ni wa Likelemba. Nimemjua Lufuluabo tangu nina meno yote na sijawahi kumsikia akikubali kwamba mwenzake amesema kweli. Mkewe akimwambia mvua inanyesha, hutoa mkono dirishani kwanza.

Jumapili hiyo nilikuwa na furaha yangu ya pembeni. Jumamosi iliyokuwa inakuja, Ekofo alikuwa apeleke vinywaji kwa wajomba wa Bolumbu kumposa. Bolumbu ndiye anayechoma samaki hapo mlangoni kwangu. Ni mwanamke wa maneno machache na pilipili nyingi, na kwa miaka hii yote hakuna mwanamume aliyepewa na yeye zaidi ya samaki na kwanga, ile mikate ya muhogo. Ekofo alimpata kwa kukaa tu, Jumapili hadi Jumapili, akimpulizia moto. Msemaji wake kwa wajomba alikuwa awe nani kama si Lufuluabo, mdomo wote ule? Mimi nilikuwa nimeshashona kitenge.

Miaka mingi nyuma mume wa Bolumbu, Anaclet, alitoka nyumbani na shati la njano siku ya tamasha kubwa la Likelemba uwanjani. Ukuta wa uwanja uliangukia watu siku ile. Sipendi kuieleza, na wa hapa hahitaji kuelezwa. Wengine walizikwa bila majina, kwa haraka, kwa sababu ya joto. Bolumbu alizunguka hospitali hadi ndala zikakatika, hakumwona Anaclet mzima wala maiti. Wakwe wakaanza kunong'ona kwamba labda kijana hakwenda uwanjani kabisa, labda mke ndiye aliyemkimbiza kwa ukali wake. Wakakataa kukaa matanga.

Mwaka uliofuata ikatoka kaseti ya tamasha lile. Juu ya jalada waliandika kwamba yote yalinaswa uwanjani, siku ileile. Na katikati ya wimbo wa tatu, magitaa yakichachamaa, Radar, yule mpiga mayowe anayetaja majina ya watu katikati ya muziki, anasikika wazi: "Anaclet Bosenge, mtu wa Pointe-Noire! Ni mimi Radar, nakuona!" Familia mbili zikakaa kuzunguka redio, zikarudisha na kurudisha. Pointe-Noire ilieleweka, Anaclet alikuwa akienda kule pwani kununua samaki wa chumvi. Basi alikuwepo, alionekana kwa macho. Wakwe wakanyamaza, matanga yakawekwa, Bolumbu akavaa nyeusi mwaka mzima na akaivua kwa heshima zote. Tangu hapo, wimbo ule ukipigwa kwangu na jina likaitwa, watu wote husimama. Hata Lufuluabo husimama, ingawa ni wimbo wa Likelemba, na hunung'unika akiwa amesimama.

Sasa, Jumapili hiyo wimbo wa tatu ulikuwa umeanza, watu wameshaweka glasi chini tayari kusimama, umeme ukakatika. Tukapiga kelele zetu za kawaida, kisha tukakaa na ukimya. Ukimya ndio ulioleta balaa, kwa sababu Ekofo alikuwa na furaha ya mchumba, akaanza kuisifu kaseti ile. Alisema hakuna bendi nyingine iliyothubutu kutoa tamasha kama lilivyopigwa, bila kuchezea kitu, na kwamba Zembe wangenaswa hivyo wangeaibika.

Lufuluabo akanyoosha miguu ili viatu vionekane. Akasema kaseti ile ilipikwa studio kama mboga. Magitaa labda ni ya uwanjani, hilo angewaachia. Lakini mayowe? Mayowe yalibandikwa baadaye, ili wenye pesa wasikie majina yao.

Watu wakacheka. Ekofo akasema wivu ni ugonjwa, na yeye alikuwa uwanjani, alitoka na ubavu umevunjika, asifundishwe.

"Ulimwona Radar jukwaani?" Lufuluabo akamuuliza.

"Nilikuwa nyuma, mzee. Kutoka kule nyuma ungemwona nani?"

"Basi hukumwona. Na usingemwona, maana siku ile Radar alikuwa bado mtu wetu, wa Zembe."

Nilikuwa nafuta meza. Sikuwa nasikiliza vizuri, nakiri, mabishano yao nayasikia kama watu wa reli wanavyosikia treni. Lufuluabo akaendelea, macho yanamng'aa. Akawakumbusha tamasha la Zembe kule Lemba, lile la mchana, la kuchangia waliofiwa siku ya ukuta. Jua kali, vumbi, mpiga besi amefunga kitambaa cheusi mkononi. Radar akaruka, soli ya kiatu ikabanduka ikampiga mama mmoja wa mstari wa mbele, na yule mama akaikumbatia kama mtoto, akakataa kuirudisha.

Ekofo akaangua kicheko kabla hajajizuia. "Alikataa kabisa! Radar akamaliza na mguu mmoja, anachechemea kama kuku."

"Ahaa! Kwa hiyo ulikuwepo. Mtu wa Likelemba, kwenye tamasha la Zembe, kimyakimya."

Baa nzima ikamcheka, na Ekofo mwenyewe akacheka kuliko wote, akakiri kwamba alikwenda amevaa kofia asijulikane. Lufuluabo akampiga bega. Walikuwa na raha kama vijana, wakikumbushana ule mlio wa tarumbeta, ule mchezo wa mwisho, na jinsi watu walivyotoka wakilia na kucheka pamoja. Kisha Lufuluabo akafunga hesabu yake. Kama Radar alichechemea Lemba na Zembe, ukuta ukiwa umeshaanguka na wafu wameshazikwa, basi alihamia Likelemba baada ya hapo. Na kama alihamia baada ya hapo, sauti yake iliingiaje kwenye tamasha la uwanjani? Ilibandikwa. "Sema umeshindwa, Ekofo. Na wewe mwenyewe ndiye shahidi wangu."

"Nimeshindwa," Ekofo akasema, bado anacheka.

Hapo ndipo kitambaa kiliponisimama mkononi. Nikamtazama Lufuluabo nikimwomba kwa macho anyamaze, naye akadhani namtaka aagize. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba bia hii ni juu yangu, ya watu wote. Mimi, Bibiche, kutoa bia ya bure! Hilo peke yake lilitosha kuwashtua.

Bolumbu alikuwa ameacha kupepea mkaa.

"Papa Lufuluabo," alisema pale mlangoni, "ukuta ulipoanguka, Radar hakuwa Likelemba?"

"Hakuwa, shemeji. Naapa kwa..." Na hapo ikamfika. Niliona uso wake ukibadilika, mdomo ukabaki wazi na kiapo ndani.

"Na hayo majina yaliyobandikwa, waliyatoa wapi?"

Kila mtu pale alijua. Jina haliitwi kwenye wimbo kwa bahati. Mtu huenda studio au huwafuata wanamuziki hotelini, huwapa chochote, huwaambia niiteni hivi, mtu wa mji fulani. Anaclet alililia jambo hilo maisha yake yote, Bolumbu mwenyewe ndiye aliyenisimulia, kwamba mumewe alikuwa radhi kulala njaa ili siku moja ajisikie kwenye redio.

Lufuluabo akasimama. Akavuta suruali, akakohoa. "Shemeji, mimi mzee nimechanganya," akasema. "Tamasha la Lemba lilikuwa kabla. Ndiyo, kabla ya ukuta, mwaka mmoja kabla. Ekofo amesema kweli. Radar alikuwa uwanjani. Kaseti ni ya kweli yote. Nimekosea mimi."

Mtu yule hakuwahi kukosea. Hakukosea alipokosea kweli, hakukosea mbele ya padri, hakukosea mbele ya mkewe. Watu waliokuwa wakimsubiri ashindwe tangu ujana wao walikuwa wamekaa pale, na hakuna aliyeshangilia. Ekofo alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama mikono yake.

"Lilikuwa la kuchangia waliofiwa siku ya ukuta," Bolumbu akasema taratibu. "Lingekuwaje kabla?"

"Nilichanganya, mama. Uzee."

"Papa Lufuluabo, mimi nakusikia kila Jumapili. Ungekuwa unajua nimekosea, ungeniambia hadi usiku. Leo umeniachia nishinde." Akafuta mikono kwenye aproni. "Ndiyo maana nimejua."

Mzee akakaa. Sijui kama nilimchukia au nilimhurumia. Nadhani vyote viwili, na zaidi nilimchukia yule mwenye shati la njano, aliyeketi Pointe-Noire akajinunulia sifa kwenye kaseti na kumwachia mwanamke huyu kaburi lisilo na mtu.

Ekofo alinyanyuka, akaenda hadi kwenye jiko la Bolumbu. Alimwambia kwa sauti ya chini, lakini sote tulisikia, kwamba kwake yeye hakuna kilichobadilika, kwamba Jumamosi ni Jumamosi.

"Wajomba wangu utawaambia nini? Kwamba unaomba mke wa mtu?" Bolumbu alimgusa mkono kidogo, mbele yetu sote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Usilete vinywaji, Ekofo. Nilimlilia mwaka mzima. Sasa kwanza nimtafute aniambie kwa mdomo wake."

Ekofo alibaki amesimama pale na kipepeo cha kupepea mkaa alichokiokota jikoni. Hakujua akiweke wapi.

Umeme ukarudi. Redio yangu ni ya flashi, huendelea palepale ilipokatikia, na mimi sikuwahi kufika kuizima. Magitaa yakachachamaa. Radar akapiga yowe, akaita: "Anaclet Bosenge, mtu wa Pointe-Noire! Ni mimi Radar, nakuona!"

Mazoea ni kitu kibaya. Viti vikakwaruza sakafu, tukajikuta sote wima, hata mimi, hata Lufuluabo na viatu vyake vyeupe.

Bolumbu aligeuza samaki mmoja, akageuza wa pili. Hakutuangalia.

"Kaeni," alisema. "Huyo hajafa."