Kitanda cha Mtu Mmoja

Mara ya kwanza Ekwaro alipojilaza kwenye machela ya turubai aliyoining'iniza kati ya miti miwili, machela ilimtema. Hakuwa hata amemaliza kunyoosha miguu alipojikuta chali juu ya majani makavu, mbavu zikimuuma, macho yakitazama matawi ya mvule. Akageuza shingo upesi kuangalia kama kuna aliyemwona. Hapakuwa na mtu. Wiki ya tano sasa hata nyumbani hapakuwa na mtu, na hilo lilimuuma kuliko mbavu.

Kosa lilikuwa la fundo. Ekwaro alikuwa seremala, lakini kabla ya useremala alikuwa mtoto wa kijiji cha Moding kama wengine, na mtoto wa Moding akishika kamba, mikono yake hufunga fundo la ng'ombe: lile linalokaza mnyama anapovuta, na kufunguka mara moja mchungaji akivuta ncha. Ncha hiyo aliiacha ikining'inia karibu na kichwa chake. Machela ilipoyumba alitafuta cha kushika, akashika hiyo hiyo. Angekuwa na mwenzake wa kumcheka, wangecheka wote mpaka machozi.

Machela yenyewe aliachiwa na Kariuki, dereva wa lori aliyekwama Malaba mwaka huo wa sabini na sita, mpaka wa Uganda ukifungwa leo na kufunguliwa kesho. Kariuki aliifunga chini ya tela lake akalala humo wiki tatu, na mchana alikuja karakana ya Ekwaro kupiga soga. Siku foleni iliposogea, alimletea ameikunja kwapani.

"Chukua, fundi," alisema. "Kila siku unaniambia ile kitanda inakunyima usingizi. Hii ni ya mtu mmoja. Ukilala ndani, hakuna upande unabaki."

Kitanda hicho Ekwaro alikichonga mwenyewe, kipana, cha mbao za mvule, mwaka aliomwoa Anyait. Sasa upana ule ulikuwa adhabu. Kila alipogeuka, mkono wake ulikwenda wenyewe upande wa pili na kurudi mtupu.

Mama yake Anyait alifia ng'ambo ya mto, karibu na Tororo. Siku hizo zilivuma habari za watu kukamatwa huko, na Ekwaro hakwenda kuzika. Alisema ni heshima. Miaka kumi na miwili hakuwahi kuketi chumba kimoja na mkwewe, wala kula machoni pake, kama desturi itakavyo; leo akasimame juu ya mwili wake? Anyait alikuwa akifunga leso kiunoni. Hakupandisha sauti.

"Alipokuwa hai ulimkwepa kwa heshima," alisema. "Leo unamkwepa kwa woga. Usinichanganyie hizo mbili."

Akaenda peke yake.

Ndiyo maana Ekwaro aliuchagua msitu huu mdogo kando ya mto, mahali watu walipovuka kwa miguu. Alijidanganya kwamba amefuata upepo. Ukweli ni kwamba alitaka kuwa wa kwanza kumwona mkewe akiteremka ukingo wa pili.

Alifunga upya, mafundo matatu kila mti, yasiyo na ncha ya kuvutwa. Akaanza kwa kukalia, kisha akajigeuza taratibu, akanyoosha miguu. Ilimshika. Turubai likapanda pande zote mbili, likamfunika mbavu na mabega. Kariuki hakusema uongo. Hakuna upande uliobaki. Ekwaro akangoja usingizi, lakini kilichokuja ni kilio. Kitandani nafasi ya Anyait ilikuwa tupu, lakini ilikuwapo. Humu haikuwapo kabisa. Akalia kwa sauti, mtu mzima na masharubu yake, kwa sababu alikuwa mpweke na alijua ni nani aliyemfanya mpweke.

"Ni mgonjwa huyo?" sauti iliuliza.

Ekwaro alichungulia. Alikuwa Oluka, kaka yake Anyait, suruali imekunjwa mpaka magotini na miguu inachuruzika maji.

"Kumbe ni wewe, shemeji! Mimi nilifikiri wanakupeleka hospitali, wabebaji wamekutoroka."

Ekwaro alifuta uso. "Anyait hajambo?"

"Hajambo."

"Amekataa kurudi."

Oluka alimkazia macho. "Nani alikuambia amekataa? Kwetu msichana aliyeolewa hatoki matangani peke yake. Aliyemwoa ndiye anakuja kumtoa. Hujui hiyo?"

Aliijua. Alikuwa ameishika desturi iliyomfaa na kuiacha ya pili.

"Kila asubuhi anafunga mzigo wake anakaa mlangoni," Oluka aliendelea. "Jioni anaufungua. Watu wameanza kusema ameachwa. Na si yeye amenituma. Alinikataza kabisa kukuita. Mimi nimekuja kutafuta chumvi tu."

Wiki tano Ekwaro alikuwa amekaa upande huu akimngoja mkewe, na mkewe amekaa upande ule akimngoja yeye. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Askari bado wapo huko?"

"Jana walikuwa darajani. Leo sijui. Siwezi kukudanganya, shemeji."

Ekwaro alishusha mguu mmoja, kisha wa pili, akasimama. Woga haukuwa umekwenda popote. Alivua viatu.

"Huo mzigo," aliuliza, "huwa anaufungua saa ngapi?"

Oluka alitazama ng'ambo. "Jua likigusa mwamba wa Tororo."

Jua lilikuwa limebakiza kama upana wa viganja viwili kuugusa. Ekwaro alikunja suruali, akashika viatu mkononi, akaingia mtoni bila kumngoja shemejiye.