Grisi kwenye Shati la Mvumbuzi

"Nenda kanawe, Katibu. Majaji wa mashindano wako chumba cha pili, na wewe unanuka grisi."

"Na yeye mbona unampaka?"

Mwenyekiti wa kikundi hakugeuka. Alikuwa ameshika mkono wa shati la Mvumbuzi, akiusugua kwa kitambaa chenye grisi ileile. Mvumbuzi alifumba macho kama anayechomwa sindano. Shati hilo alikuwa amelipiga pasi mwenyewe, na kola akairudia.

Majina hayo waliyapata mwaka wa kwanza wa chuo, kabla hawajashika hata bisibisi. Wasichana wana mpangilio, wenzao walisema, basi huyu awe Katibu. Kijana yule mkimya lazima ana mambo kichwani, awe Mvumbuzi. Kumbukumbu za vikao alizoandika Katibu hazikusomeka hata na yeye mwenyewe; Mvumbuzi alizinakili upya kwa siri, vichwa vya habari vikipigiwa mstari kwa rula. Katibu naye alilifumua jokofu bovu la bwenini akaligeuza mashine ya kuangulia mayai, trei zikigeuzwa na mota ya feni. Vifaranga walitoka. Majina yakabaki palepale.

Leo atakayewaeleza majaji mashine hiyo ndiye atakayekabidhiwa ufunguo wa karakana kwa mwaka mzima, na Katibu aliutaka ufunguo ule kuliko cheti. Mwenyekiti alimfafanulia kwa upole kwamba hakuna anayemdhulumu, ni suala la sura tu. Majaji wakimwona msichana watauliza nani alimsaidia. Yeye awakaribishe kwa chai, ahsante sana.

Katibu akamgeukia Mvumbuzi. "Wakikuuliza mota nimeipunguzaje kasi, utasemaje?"

"Nitasema ni ubunifu."

"Umeona?" Mwenyekiti alisema, ameridhika kabisa.

Mvumbuzi alikuwa akilitazama doa. "Dada, hili litatoka kweli?"

"Halitoki."

Nyayo zilisikika mlangoni. Katibu akanyoosha mkono, akaanza kuibandua beji iliyoandikwa "Mbunifu" kwenye kifua cha mwenzake. Mvumbuzi hakubisha, aliinua kidevu ili asimzuie, kisha akaifuata sinia ya vikombe na kuanza kuvipanga, mishikio yote upande mmoja, uso umemchanua.

"Mikono, Katibu, mikono," Mwenyekiti alinong'ona.

Mlango ukafunguka. Katibu, beji sasa kifuani mwake, akampa jaji wa kwanza mkono, na grisi yake.