Chiriku Alipokwenda Kuomba Radhi

Kwa dobi walimwita Chiriku, kwa maana pasi ingepoa lakini domo lake halipoi. Alifanya kazi meza moja na shoga yake, msichana mrefu wa kupitiliza ambaye wateja walimbandika jina la Mlingoti. Shati likipita mikononi mwao, linatoka limenyooka na habari za mwenyewe zimeshajadiliwa hadi kwenye vifungo.

Kisha Chiriku akaolewa na seremala. Mtaani seremala yule alikuwa mtu wa watu: mzee akionekana na mzigo, ni yeye wa kumpokea. Nyumbani alikuwa mwingine. Kwanza alimwachisha kazi, halafu akamnyang'anya simu, halafu ikawa hata kucheka na jirani ni kosa. Baada ya kofi la kwanza alipiga magoti akaomba radhi, machozi yanamtoka. Baadaye, kila akipiga, anayeomba radhi ni Chiriku.

Siku moja Mlingoti alikuja kumjulia hali. Akabisha hodi, na seremala akasimama nyuma ya mlango, akimtazama mkewe.

"Usije tena hapa," Chiriku akasema bila kufungua. "Mume wangu hapendi watu wa ovyo."

Nje zilisikika kandambili tu zikishuka ngazi, polepole, kama za mtu anayengoja kuitwa. Chiriku hakumwita.

Mumewe alipomvunja mkono, jirani wa ukuta mmoja aliongeza sauti ya redio. Asubuhi Chiriku akatoka na nguo zilizokuwa mwilini, akaenda kwa mama yake.

Mkono ulipofungwa plasta, shangazi zake wawili wakaja wamejipamba kama wanakwenda kuposa.

"Mwanangu, vyombo vya kabati moja havikosi kugongana," akasema mkubwa.

"Vinagongana, shangazi. Lakini kinachovunjika ni kimoja tu kila siku."

"Umesikia mdomo huo?" mdogo akamgeukia mama mtu. "Wadogo zake wataolewa na nani?"

Mama, mwanamke asiyejua kubishana na mawifi zake, alikusanya vikombe kabla havijaisha chai. "Chai mmekunywa, wifi zangu," akasema. "Mwanangu haendi."

Tangu hapo shangazi hawakukanyaga tena. Wanawake wa bombani nao walikuwa wakimwona Chiriku wanashusha sauti, wanaanza kusifia mvua. Lakini hayo hayakumuuma kama lililokuwa moyoni. Alimtamani mumewe. Si yule wa mlangoni. Yule wa asubuhi za mwanzo, anayepiga mluzi huku akijifuta vumbi la mbao kwenye nyusi. Mluzi wowote ukipita barabarani, moyo ulimruka, kisha akajichukia. Angemwambia nani jambo kama hilo? Mama angelia. Majirani wangesema, si unaona, bado anampenda, arudi. Mtu wa kumwambia alikuwa mmoja, na huyo alikuwa amemfukuza kwa mdomo wake mwenyewe.

Plasta ilipotolewa, akajikaza akaenda kwa dobi. Mlingoti alikuwa peke yake mezani, mvuke umemfunika uso. Alimwona, akaendelea na kola ya shati.

"Umeleta nguo?"

"Sikuleta nguo."

"Hapa tunapokea nguo."

Chiriku alikuwa na hotuba nzima kichwani, ikayeyuka yote. "Alikuwa nyuma ya mlango siku ile," akasema. "Lakini maneno niliyatoa mimi. Nisamehe."

Pasi ikasimama. Harufu ya kitambaa kinachotaka kuungua ikapanda, ndipo Mlingoti akaiinua.

"Nilikaa chini ya zile ngazi mpaka mchana," akasema. "Nilijua si wewe. Iliniuma vilevile." Akautazama mkono wa mwenzake, uliokonda baada ya plasta. "Unaweza kushika shuka?"

"Kidogo."

Wakashika shuka, kila mtu ncha zake, wakalivuta, wakakunja, wakasogeleana. Mkono ulimuuma Chiriku, akaendelea kuvuta.

"Namkumbuka," akasema ghafla, macho chini. "Niseme ukweli wangu. Usiku namtaka nyumbani."

Alingoja kuchekwa au kusutwa. Mlingoti alipokea ncha za shuka, akaliweka juu ya mengine, akachukua jingine.

"Mkumbuke," akasema. "Ila mkumbukie hapa hapa. Na nitakwambia jambo: sijakusamehe lote. Njoo kesho."

Akaja kesho yake, na keshokutwa. Tajiri mwenye udobi akamrudisha kazini kwa kukunja tu, mkono usijeruhiwe tena. Seremala aliendelea kuamkiwa kwa heshima na mtaa mzima, na mluzi bado ulimshtua Chiriku. Siku nyingine alikwenda hadi dirishani. Lakini wakati mwingine, katikati ya rundo la mashuka, alijikuta anasimulia jambo bila kuangalia mlango kwanza, na Mlingoti akamwacha aseme hadi mwisho.