Kigoda cha Dirishani

Usijifanye hukumwona. Ulimwona yule mama akijipepea kwa mfuniko wa ndoo huku wengine wamevaa sweta. Ukageuza uso, ukacheka pembeni, ukasema, "Uzee huo." Basi kaa nikusimulie, maana mimi sisahau.

Sisi tunafua mashuka ya hospitali. Chumba chetu kiko chini kabisa, madaktari wanatembea juu ya vichwa vyetu. Kina dirisha moja, na chini ya dirisha kuna kigoda cha kukalia unapokunja foronya. Desturi yetu ni kwamba mwanamke aliye mwezini hukaa hapo, na hakuna wa kumgusa.

Desturi hiyo haikushuka na mvua. Aliileta Mama Mvuke, tuliyemwita hivyo kwa sababu hakuna aliyeizoea mashine ya pasi ya mvuke kumshinda. Zamani binti mmoja alizimia mbele ya mashine ile, damu imemlowesha hadi miguuni. Mama Mvuke akambeba mgongoni, akakiburuta kigoda mpaka dirishani, akamwambia msimamizi wa wakati ule, "Ukitaka kukitoa hapa, nitoe mimi kwanza." Nilikuwepo.

Mwaka huu damu yake mwenyewe ikakoma. Joto likawa linampanda ghafla kutoka kifuani hadi utosini, moyo unamwenda mbio, magoti yanamuuma. Usingizi ukamhama. Alilia bila kufiwa. Akaanza kusahau majina ya watu aliowafundisha kazi yeye mwenyewe. Alipopanda juu kwa daktari, aliambiwa, "Mama, hayo ni mambo ya umri, yatapita." Akashuka na jibu hilo kama alivyopanda, mikono mitupu.

Chumbani kwetu hali hiyo hatuitaji. Ukiitaja, umejitangaza umekwisha. Kwa hiyo akasema yuko mwezini. Tukampisha. Baada ya wiki mbili akasema tena, tukampisha. Mara ya tatu Chiriku, mdogo wetu mwenye mdomo kuliko wote, akakikalia kigoda kwanza.

"Jamani, mwezi wa huyu mama una wiki ngapi?"

Vicheko vikalipuka.

"Mwanangu, nipishe. Naungua."

"Unaungua na nini, mama, na duka ulishafunga? Kigoda ni cha wenye siku zao."

Nikapiga kelele, "We Chiriku, huyo ndiye aliyekileta!"

"Si alituletea sisi?"

Wenye umri wa Mama Mvuke wakainamisha macho kwenye beseni. Walijua wao ndio wanaofuata.

Hakubishana. Hapo ndipo nilipoogopa, maana namjua. Alirudi kwenye mashine, akaanza kuingiza mashuka. Joto likampanda tena. Akaachia pindo la shuka ili afute jasho machoni, shuka likaingia mshazari, likakwama, likaungua, na moshi ukajaa chumba kizima. Msimamizi akaja mbio.

"Mama, nenda nyumbani ukapumzike."

Kwetu "kapumzike" ni kufukuzwa kwa adabu. Akafungua aproni, akaikunja pembe kwa pembe kama alivyotufundisha, akaiweka mapajani mwa Chiriku. Akapita karibu na dirisha, akabandika kiganja kwenye kioo cha baridi. Akaondoka.

Nimemfuata msimamizi ofisini. Anasema, "Wewe mmoja siwezi kukusikiliza. Waje wote, waseme wanamtaka." Nimerudi chumbani, nimewaambia. Wote wanakunja foronya. Chiriku amekaa, aproni bado iko mapajani mwake, hajui aiweke wapi.

Sasa nasema na wewe, usinitazame mimi. Kwenu pia kuna kigoda, na unajua nani amekikalia na nani amesimama akiungua. Usingoje azimie. Usingoje zamu yako ifike. Mwite kwa jina lake, muulize anaumwa wapi, mfuate daktari wake umwambie amsikilize tena.

Mlango wa ofisi bado uko wazi. Inuka, twende.