Makarai Mawili ya Makadara

Siku Mbodze alipotua karai lake ng'ambo ya kichochoro, Shariffa alihisi kama mtu aliyeingiliwa chumbani. Miaka nenda miaka rudi, mtu wa Makadara akitaka viazi vya karai alasiri alijua pa kwenda: kwake yeye, Mama Bayan, na ukwaju wake mzito. Leo pale mkabala, mwanamke wa Kigiriama amejifunga leso anakaanga viazi vile vile, na pilipili yake ya embe mbichi inawatoa watu machozi na bado wanaomba waongezwe.

"Mombasa yote hii hakuona pengine?" alimlalamikia bintiye.

Bayan akacheka. "Wewe uza tu, mama."

Akauza, lakini kwa kisirani. Alibadilisha mafuta kila siku. Mbodze akaleta benchi watu wakae. Aliongeza kachumbari, Mbodze akaongeza bajia. Wateja wakawa wanasimama katikati ya njia wakibishana nani zaidi, na wabishi wa aina hiyo hawatulii mpaka waonje kwa wote wawili. Jioni Shariffa alirudi nyumbani hoi, karai tupu, roho imemjaa kinyongo.

Mwisho akamwendea binamu yake Aidarus, mwenye nyumba aliyempa Mbodze kibaraza, akamwambia moshi unaingia madirishani mwa watu. Haukuwa ukiingia. Aidarus hakutaka maneno na jamaa. Wiki haikuisha, Mbodze akahamia Buxton, karibu na chuo.

Siku ya kwanza Shariffa alimenya viazi vya ziada. Watu walikuja, wakala, wakaenda zao kimya. Siku zilizofuata wakapungua. Dereva mmoja wa tuktuk, aliyekuwa akija makusudi kutoka Mbaraki, hakumficha: "Mama, tulikuwa tunakuja kushindanisha. Sasa viazi ni viazi tu, hata kwetu viko." Na kweli, Shariffa alikuwa ameshaanza kurudia mafuta ya jana, maana hapakuwa na wa kumtazama.

Akavaa buibui, akaenda Buxton.

"Karibu, Mama Bayan," Mbodze alisema bila kuinuka.

"Nimekuja kukuomba radhi. Moshi wako haukumdhuru mtu. Ni mimi niliyesema."

"Najua. Aidarus hajui kusema uongo. Alinifukuza akitazama miguu yake."

Uso ukamwiva Shariffa. "Rudi, mwanangu. Tangu uondoke hata kwangu hawaji."

"Kumbe hukuja kwa kunipenda."

"Nilikuja kwa biashara," Shariffa alikiri. "Aibu imenikuta hapa hapa."

Mbodze akaangua kicheko, kijiko kikamponyoka. "Hapa napo wanafunzi wakifunga chuo nakaanga nikitazama ukuta. Nitarudi. Lakini kwa Aidarus uende mwenyewe, ukamwambie hivi hivi ulivyoniambia. Na upande wenye kivuli ni wangu."

Upande ule Shariffa aliuzoea tangu Bayan hajatambaa.

"Haya," akasema. "Chukua."

Alhamisi iliyofuata, Aidarus akiwa ameshaambiwa ukweli, walikuwa wote wawili kichochoroni, Shariffa juani, jasho likimtiririka chini ya mtandio. Mteja wa kwanza alikwenda kwa Mbodze. Wa pili akaja kwake, akatia kiazi mdomoni, macho tayari yako ng'ambo.

"Na kwake leo vipi?"

"Nenda kaonje," Shariffa akamwambia, akikoroga ukwaju. "Kisha urudi useme."