Kaka Kamusi na Asili ya Neno la Kukata

Jumanne, tarehe tisa Juni. Asubuhi kulikuwa na manyunyu na ukungu. Kabla sijakaa kwenye cherehani niliomba: Mungu, mshike kaka yangu ulimi jioni ya leo.

Katika darasa letu la jioni, watu wawili hupewa neno moja la Kiingereza. Mmoja hueleza, mwenzake husimama kimya, na alama ni moja kwa wote wawili. Sisi tulipewa "cut", la kukata. Tukishindwa tunarudia darasa la kwanza, nami nimefunga na kuomba tuingie la pili.

Msemaji akawa kaka, kinyozi, ambaye wateja humwita Kamusi kwa sababu anayo dukani, chini ya kopo la poda. Hajawahi kuifungua.

Maana alizipitia salama: kukata nywele, kupunguza mshahara, jeraha la wembe, mshono wa nguo. Nikaanza kupumua. Ndipo mwalimu akauliza neno limetoka wapi. Jibu tulikuwa tumelisoma pamoja: asili yake haijulikani kwa hakika, huenda lilitoka kwa watu wa kaskazini mwa Ulaya.

Kaka akakohoa kama waziri. Akasema Waingereza walilichukua kwetu. Walimsikia kinyozi akisema "kata", wakaiacha silabi ya mwisho kwa uvivu, wakapanda meli. Mwalimu akauliza ilikuwa lini. Zamani, kaka akajibu, meli zilipokuwa za mbao. Mpishi mmoja wa dawati la nyuma akataka kujua kama kinyozi huyo alikuwa babu yetu. Kaka akasema inawezekana.

Mwalimu akafungua kamusi ya darasa, akasoma. Kaka akadai waliochapa wamekosea. Mtu mzima, ndevu zina mvi, anaona aibu kusema hajui, ila uongo unamtoka kama jasho. Debe tupu na livume, lakini si juu ya kichwa changu.

Mwalimu alipoishika kalamu nyekundu, nikauvunja ukimya, nikamsihi. Akakubali kwa sharti moja: Alhamisi kaka alete jibu la kamusi, na aahidi sasa hivi, darasa likisikia.

Kaka akanitazama kama mteja aliyetikisa kichwa chini ya wembe. "Mdogo wangu, unanivua nguo mbele za watu."

"Ulishajivua, kaka. Ahidi."

Akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Mbele yenu nyote, naahidi: Alhamisi nitasimama hapa niseme kwamba sijui, na kwamba Waingereza wenyewe hawajui."