Meno ya Ukuta

Fundi mwashi alishusha tindo, akamtazama mjane mwenye nyumba kama mtu asiyeamini masikio yake.

"Nisikate meno ya kushikia ukuta mpya?"

"Usikate. Chumba kiegemeze tu. Ukuta huu marehemu aliujenga kwa mikono yake, hautobolewi."

Chumba chenyewe kilikuwa cha wifi yake, dada wa huyo marehemu, ambaye kifua kilimlegeza hata asiweze tena kuishi peke yake. Alikuwa ameketi papo hapo uani, shuka mabegani, akisikia kila neno. Tangu ujana wawili hao walikuwa chanda na pete mbele ya watu, paka na panya jikoni.

"Mama," fundi akasema taratibu, "kuta mbili zisipong'atana huachana. Mvua itapita kwenye maungio, na kitanda cha mgonjwa kiko hapo hapo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe waniambia nijenge ukuta na ufa wake kwa pamoja!"

Wifi akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

"Mwache, fundi. Anataka nikifa kibomolewe upesi, kisiache hata alama."

Ndivyo hasa mjane alivyokuwa amewaza. Akaweka kiganja ukutani. Matofali yalikuwa na moto wa jua. Siku yalipopangwa, yeye alikuwa hajaolewa bado. Aliyekuwa akimpokeza marehemu tofali baada ya tofali ni huyu huyu aliyekaa na shuka.

"Kata," akasema.

"Mama?"

"Kata meno, toka chini mpaka juu. Matofali yatakayotoka mazima usiyatupe. Yajenge kwenye chumba cha wifi."

Fundi hakungoja kuambiwa mara mbili. Akachora kwa chaki, tofali hili litoke, la juu yake libaki, kisha akaanza kugongagonga udongo wa maungio. Tofali la kwanza likalegea kama jino la mtoto. Mjane akalipokea kwa mikono miwili, na machozi yakamshuka bila sauti. Vumbi jekundu likatanda. Kikohozi kikamshika wifi tena.

Mjane akalitua tofali, akaenda kumshika kwapani.

"Vumbi hili litakumaliza. Ingia ndani."

"Ndani wapi? Chumba changu bado."

"Kwani nyumba hii ina ndani ngapi? Nyanyuka, wifi."